Bafu la Futi Tano kwa Saba

Tarehe 4, mwezi wa pili

Kitinda binti yangu,

Sikusalimii. Nikitulia nitakusalimia.

Jana saa nne asubuhi mtu amenisimamia mlangoni na mkokoteni. Juu ya mkokoteni maboksi kumi na moja ya vigae vyeupe. Mkononi karatasi yenye mistari. Nikamuuliza, wewe nani? Akasema, mimi fundi, nimetumwa na binti yako nivunje bafu. Nikamwambia rudia. Akarudia! Nikamwambia bafu hili lilikuwa limesimama wakati huyo aliyekutuma anaogeshwa kwenye beseni na anapiga kelele. Akasema, mzee, tulia. Mimi nitulie, nyumbani kwangu, kwenye mlango nilioupachika mwenyewe! Maboksi yako ameondoka nayo. Karatasi nimeibakiza ili nikuonyeshe makosa yake nikipata nafasi.

Unajua unataka kuvunja nini? Kuta hazina ufa mpaka leo, miaka thelathini na moja. Sakafu ya niru nyekundu, saruji iliyolainishwa, nimeisugua kwa nta na gunia siku tisa, ukicheka unayaona meno yako. Kizingiti cha futi moja, tone la maji halijawahi kufika koridoni. Na vyote hivyo bila futi kamba. Mkono wangu ndio futi. Koki, kioo, misumari ya nguo, kila kitu nilikipima kwa mkono huu. Mwenyekiti wa mtaa alipoletwa kuliona alivua viatu bila kuambiwa. Nionyeshe duka lako hilo la mabafu kama kuna mtu amewahi kulivulia viatu.

Kumvunjia mtu bafu kwa sababu mama yako ameanguka kwenye ngazi za duka la kona, hiyo ni akili gani? Ngazi zile kajenga yule fundi Kidevu. Vunja za Kidevu.

Wiki ya saba sasa mama yako yuko kwako. Daktari kasema mfupa wa nyonga umeshika. Basi mrudishe. Nyumba ina mtu mmoja na vikombe viwili.

Utauliza kwa nini naandika badala ya kupiga. Kwa sababu kwenye simu ukishindwa maneno unasema mtandao unasumbua, unakata. Karatasi hii ikate tuone. Nilisoma miaka mitatu tu, lakini herufi zangu zimesimama wima kuliko kuta za mafundi wako.

Mimi baba yako,
Fundi Mkuu

—

Tarehe 11, mwezi wa pili

Shikamoo baba,

Mimi nakusalimia, hata kama wewe umeninyima.

Yule fundi uliyemfukuza ni mtu mzima mwenye wajukuu, na alisafiri kwa muda wa saa sita. Ameniambia ulimfungia mlango huku anaomba maji ya kunywa. Nimeona aibu mpaka nimeshindwa kumtazama usoni.

Sasa nisikilize. Bafu lako ni futi tano kwa saba. Choo, koki, ndoo, pipa la akiba, na bado kuna kizingiti cha futi moja mlangoni, ambacho mama anatakiwa akipande kwa nyonga iliyovunjika. Sakafu yako inayoonyesha meno ni kioo chenye maji juu. Daktari aliniuliza bafu la nyumbani likoje. Nilipomweleza aliweka kalamu chini.

Mchoro wangu si wa kubahatisha. Kizingiti kinatoka, sakafu inalala kwa mwinamo kuelekea tundu la maji. Vigae vyeupe mpaka juu ili chumba kionekane kikubwa. Kioo kirefu cha kutenga sehemu ya kuogea. Kishikio cha chuma pembeni ya choo. Rafu ndani ya ukuta badala ya hilo pipa. Miaka tisa nauza na kupanga mabafu, baba. Watu wenye nyumba kubwa kuliko yako wananisikiliza.

Nilikuwa na miaka kumi nilipokuomba unifundishe kushika mwiko wa kujengea. Ulinifundisha wiki moja, mstari wangu ukatoka umenyooka, ukacheka, ukasema sasa nenda kamsaidie mama yako. Sijasahau. Basi, ndiyo, nimemsaidia mama yangu. Huu ndio msaada.

Mama harudi mpaka bafu libadilike. Hilo ni neno langu na la daktari. Ukitaka kubaki na vikombe viwili, baki navyo.

Binti yako,
Kitinda

—

Tarehe 17, mwezi wa pili

Kitinda,

Neno lako na la daktari! Daktari amejenga nini?

Nimekaa na mchoro wako siku nne. Nimevaa miwani, nimevua, nimevaa tena. Sasa nijibu wewe unayesikilizwa na wenye nyumba kubwa. Mlango umeuchora unafungukia ndani. Ndani! Kwenye futi tano! Ukifunguka unagonga choo. Kwa hiyo mama yako na nyonga yake aingie, apande juu ya choo, afunge mlango, halafu ateremke aoge. Miaka tisa unauza mabafu na hujui mlango unakwenda wapi. Mlango wangu unafungukia nje tangu siku ya kwanza.

Halafu kioo kirefu. Unamwekea mtu aliyeanguka kitu cha kuvunjika ili akianguka tena akatike. Hongera.

Na weupe. Chumba kionekane kikubwa! Mtu anakwenda bafuni kuoga au kutembea?

Na uache kuitaja sakafu yangu kwa mdomo huo. Wageni wangapi wameingia pale? Mwezi ule mama yako alipoumia alikuwa anakuja mzee wa kamati ya ujenzi kuiona, na angeiona kama si ajali ya ngazi za Kidevu kutukatiza.

Kidevu nimemalizana naye. Juzi nilichukua pima maji langu nikaenda duka la kona watu wakiwa wamejaa. Nikaliweka kwenye ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidevu akaitwa, akaja na ndara zake. Nikamwambia mbele ya wote, wewe umemvunja mke wangu. Nikamwambia wewe ni fundi wa mabanda ya kuku. Watu walicheka, mmoja mpaka akaketi. Kidevu alitazama tu pima maji. Ni kweli lile povu lilikaa katikati kwenye ngazi zote tatu, lakini pima maji nalo limezeeka, haliwezi kujua kila kitu. Mguu wa mama yako ndio shahidi.

Mrudishe mke wangu. Nitamshika mkono mimi mwenyewe kupanda kizingiti. Mikono yangu haijafa.

Fundi Mkuu

—

Tarehe 24, mwezi wa pili

Shikamoo baba,

Nilikatazwa kuandika haya. Niliposoma mambo ya Kidevu sikuweza kukaa nayo.

Mama hakuanguka kwenye ngazi zozote. Alianguka bafuni kwako, kwenye niru yako, saa mbili asubuhi, wewe ukiwa umekwenda kumpokea mgeni wako stendi. Alitambaa kutoka bafuni, akavuka kizingiti chako kwa tumbo, akafika koridoni. Jirani wa upande wa pili alisikia akiita. Kabla hawajampakia kwenye gari alimwapisha jirani aseme ni ngazi za duka. Mimi aliniambia siku ya tatu, hospitalini.

Umemdhalilisha mtu asiye na kosa mbele ya mtaa mzima.

Kuhusu mlango, nimekosea. Nimeurekebisha. Umeona? Haikuniua.

Kitinda

—

Tarehe 1, mwezi wa tatu

Mama Kitinda, mke wangu,

Sijawahi kukuandikia barua. Miaka yote hii sikuwa na sababu, ulikuwa chumba cha pili.

Mtoto kaniandikia uongo au ukweli, sijui. Nataka nisikie kwako, kwa mkono wako, si kwa mdomo wa mtu anayetaka kuniuzia vigae. Ulianguka wapi?

Kama ni kweli, nina hasira na wewe ambazo hujawahi kuziona. Miezi mitatu nimekaa kwenye benchi la duka la kona nasimulia jinsi Kidevu alivyokuvunja. Siku zote ulizolazwa nimekuja hospitali, nimekaa pembeni ya kitanda chako, nikakuambia ukitoka hapa utarudi kwenye bafu la maana, si hivi vibafu vya hospitali vyenye sakafu kama msasa. Ukanitazama. Ukasema, haya. Umeniachia nijisifu juu ya mfupa wako! Mtu anamfanyia adui yake hivyo, hamfanyii mumewe.

Barua ya mtoto ilifika asubuhi. Niliingia bafuni nikasimama. Nikamwaga maji kidogo. Sikuteleza. Nimesimama pale muda mrefu na sikuteleza. Kwa hiyo nieleze.

Mumeo

—

Tarehe 9, mwezi wa tatu

Kwa Baba Kitinda, na kwa Kitinda aliye chumba cha pili hapa, kwa sababu barua hii nawaandikia wote wawili na yeye nimemwambia asome kwa sauti kabla haijafungwa.

Nimeanguka bafuni. Mtoto hajasema uongo.

Baba Kitinda, umesimama hukuteleza kwa sababu mguu wako ni mrefu kama jembe, na ulipojenga ulijipima wewe. Mkono wako ndio futi, umesema mwenyewe mara elfu. Mimi nakufika kifuani. Kwenye kile kioo chako, tangu niolewe, naona paji la uso na kilemba. Sijawahi kuuona mdomo wangu bafuni mwangu. Misumari ya nguo naifikia kwa kuruka. Mwanamke wa miaka sitini na sita anaruka, uchi, juu ya nta.

Unajua lile doa ukutani, upande wa kushoto, usawa wa bega langu? Umelipaka rangi mara nne. Kila ukipaka unalalamika, unauliza huu uchafu unatoka wapi. Ni kiganja changu. Kila siku nikiingia naushika ukuta pale ili nisianguke. Umenipaka rangi mara nne.

Na gunia. Mimi nilikuwa nikitandika gunia chini kabla ya kuoga, ulikuwa unalijua. Asubuhi ile halikuwepo. Ulilitoa wewe ukalitupa nje kwa sababu mgeni anakuja, aone sakafu inavyong'aa. Nilipogundua halipo tayari nilikuwa na sabuni machoni.

Unauliza kwa nini nilidanganya. Nilijua utakuja hospitali na utaanza kuitetea sakafu. Sikuwa na nguvu za kusikiliza nikiwa nimefungwa mguu juu. Nikachagua ngazi za Kidevu kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu na ulimi. Hilo ni kosa langu, na mimi nimeshamtumia Kidevu ujumbe wa kuomba radhi. Wewe utakwenda na miguu yako. Pale pale kwenye ngazi, watu wakiwepo.

Sasa wewe Kitinda, usikae hapo na uso wa mshindi. Nimekaa kwako wiki kumi na moja. Umechora mchoro mara tano. Umeniuliza nini? Uliniuliza nakunywa chai ya maziwa au kavu. Weupe huo wa kwako nimetoka kuutazama hospitali siku ishirini na sita, sitaki kuuona tena nikiwa nimevua nguo. Kioo kirefu cha nini? Ili nijione nilivyochanika? Mwezi mzima nyie wawili mnapigana vita, huyu kwa mwiko na huyu kwa kalamu, kuhusu mahali nitakapooga mimi, na hakuna aliyeinua kichwa akasema mama, wewe unatakaje.

Nataka hivi.

Rangi ya kijani, ile iliyokolea kama chupa. Vigae vidogo vidogo chini, vya kukwaruza, mguu ushike. Kizingiti kiondoke. Mahali pa kukaa wakati naoga, pa kujengwa, si kigoda cha kunikimbia. Kidirisha kilichozibwa na pipa kifunguliwe, na pipa likae nje. Ndani ya bahasha kuna uzi. Nimesimama wima, bila viatu, Kitinda akanipima. Una vifundo vinne, kuanzia chini. Cha kwanza ni pa kukaa. Cha pili ni chuma cha kushika. Cha tatu ni ndoano za nguo na rafu ya sabuni. Cha nne ni macho yangu, ndipo katikati ya kioo. Usiongeze hata unene wa kidole.

Na mlango uwe na komeo kwa ndani. Miaka yote umekataa komeo, unasema nani atakuibia maji. Unafungua unawaonyesha watu bafu wakati mimi nimo nakimbilia khanga.

Mpaka hapo sirudi. Na si neno la daktari.

Mkeo

—

Tarehe 15, mwezi wa tatu

Mama Kitinda,

Uzi nimeupokea.

Kuhusu gunia sina cha kuandika.

Kuhusu mengine ninacho. Kioo kwenye kifundo cha nne, mimi nitaona nini? Shingo! Nitanyoa ndevu kwa kukumbuka? Bafu ni la watu wawili. Ndoano kwenye kifundo cha tatu zitanichoma mbavu kila nikigeuka. Na kijani cha chupa kwenye chumba kidogo kitakuwa kama kuogea ndani ya kisima, hata Kitinda wako atakuambia hivyo kama ana ujasiri.

Na Kidevu unajua ni mtu wa namna gani. Nikienda pale ataisimulia mpaka anazikwa.

Komeo siweki. Mume na mke hawafungiani milango. Ukianguka tena umejifungia ndani, nani atakutoa? Hilo hukulifikiria kwa sababu ulikuwa umeshika kalamu kwa hasira.

Nijibu kwa utaratibu.

Mumeo,
Fundi Mkuu

—

Tarehe 21, mwezi wa tatu

Baba Kitinda,

Wanyoaji wana vioo vya mkononi.

Kuna makomeo yanayofunguka kwa nje ukiingiza sarafu. Kitinda anayauza. Ametumbukiza moja kwenye bahasha.

Mkeo

—

Tarehe 8, mwezi wa nne

Mama Kitinda,

Nakuandikia taarifa ya kazi, si barua ya kubembeleza.

Nilianza kuvunja niru tarehe ishirini na sita. Niliipiga nyundo siku ya kwanza ikatoa vumbi tu. Siku ya pili mpini umevunjika. Siku ya tatu ndipo ikakubali kona moja. Nakuambia hakuna fundi aliye hai anayeweza kumwaga sakafu ngumu namna ile. Nilivyokuwa naivunja nilikuwa naisifu. Mtu wa upande wa pili wa ukuta alisikia, akauliza naongea na nani.

Halafu magoti yamekuwa na shughuli zao. Kuvunja nimevunja nikiwa nimesimama. Kupanga vigae vidogo kunataka mtu apige magoti kutwa nzima, na mimi siku hizi nikipiga magoti hilo ndilo tukio la siku hiyo, hakuna lingine. Usimwambie mtoto.

Kwa hiyo nilikwenda duka la kona. Ilikuwa Jumamosi saa tano, watu wamejaa kama walikuwa wameitwa. Kidevu amekaa ngazi ya juu. Nilisimama ngazi ya pili. Nikasema, Kidevu, ngazi zako zimenyooka. Nikageuka niondoke. Kidevu akasema, endelea. Nikasema, naendelea nini? Akasema, endelea, mzee mwenzangu, hujamaliza. Nikasema, mke wangu hakuanguka hapa. Muuza mboga akasema, paza sauti, huku nyuma hatusikii. Nikapaza. Nikasema mke wangu ameanguka kwangu, kwenye sakafu niliyoimwaga mimi, kwa sababu nilitoa gunia.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa wacheke. Ningeweza kuwajibu wakicheka.

Kidevu akasema, kumbe ile niru. Akasema, ile niru siku zote nilikuwa naionea wivu. Mjinga yule! Angesema mapema tungekuwa tumepumzika. Nikamwambia nina vigae vya inchi mbili vya kijani maboksi tisa, Kitinda kavibadilisha na vile vyeupe, na nina kazi ya magoti. Akasema magoti yake ni mazima. Akasema hivyo kwa sauti, akijua watu wanasikia.

Basi Kidevu anapanga, mimi nasimamia. Siku ya kwanza tumegombana mara saba. Anaanzia ukutani, mimi nasema mtu anaanzia kwenye tundu la maji ili mwinamo usimtoroke. Amesema hapana. Nikasema sawa, maji yakutukane mwenyewe. Akavunja mistari mitatu akaanza upya kwenye tundu. Sikumcheka. Nilitoka nje kwanza.

Uzi wako tumeupigilia misumari kwenye ukuta, umesimama wima kutoka chini mpaka juu, na kila tukitaka kupima tunauendea. Kidevu akipita anaukwepa kwa bega. Mimi mwenyewe niligundua naukwepa. Juzi nilikuwa nachora mstari wa ndoano, nikauinua juu kidogo, kidole kimoja tu. Kidevu akasema, fundi, kifundo kiko wapi? Nikaushusha. Nilikuwa sijakusudia kuiba. Mkono uliinuka wenyewe.

Pa kukaa tumejenga kwa matofali, kona ya kulia, tumepafunika vigae. Nimepakalia. Magoti yalikuja mpaka kidevuni mwangu. Nikakaa pale nikijiuliza kwani wewe ni mdogo kiasi hicho. Nimeishi na wewe miaka hii yote, nilidhani unafika begani kwangu.

Lile doa la kiganja lilikuwa kwenye plasta ya zamani. Tulipobandua plasta limekwenda. Chuma cha kushika kimekaa hapo hapo, nimekipigilia kwa skrubu sita. Kinabeba mtu. Tumening'inia mimi na Kidevu kwa pamoja, watu wazima wawili, tukishikana tusidondoke.

Kijani kinafanya chumba kiwe kidogo, nilisema. Lakini kidirisha kikifunguliwa asubuhi jua linaingia mpaka kwenye koki, na hapo sitaki kusema kitu.

Komeo nimeweka. Sijafurahi.

Vigae vinataka siku saba kukauka. Usije kabla.

Mumeo

—

Tarehe 12, mwezi wa nne

Shikamoo baba,

Tutafika Jumatano jioni. Mimi narudi kazini Alhamisi asubuhi, nina mteja. Mama anatembea na fimbo moja sasa. Ameniomba nikuandikie mambo mawili: usiite watu, na usiseme lolote mpaka yeye aseme.

La tatu ni langu. Kidevu amenitumia picha ya ule mwinamo. Ni wa kwako, nimeujua. Mimi nisingeupata kwenye nafasi ile. Sijasema kwamba nimekusamehe mambo ya mwiko. Nasema mwinamo ni mzuri.

Kitinda

—

Tarehe 18, mwezi wa nne, asubuhi

Kitinda,

Shikamoo yako ya jana naiitikia leo, marahaba. Umeondoka chai ikiwa nusu kikombe. Gari lako lilipokata kona mama yako akachukua taulo, akachukua fimbo, akaniambia nakwenda kuoga.

Nakuandikia hapa koridoni. Nimevuta kiti. Karatasi nimeiweka juu ya goti, kwa hiyo mistari ikipinda usiseme kitu.

Ameingia. Amefunga komeo. Nimelisikia, ka! Miaka thelathini na moja sijawahi kusikia sauti hiyo kwenye nyumba yangu, na nimekasirika, nakuambia wazi. Nilikuwa nimejipanga kusimama mlangoni nimwonyeshe. Kuna mambo mtu hawezi kuyaona bila kuonyeshwa. Vile vigae vya kona tulivikata kwa pembe ili maji yasitulie chini ya pa kukaa. Nani atajua? Rafu nimeilaza mbele kidogo sabuni isilale kwenye maji. Nani atajua? Kazi ya wiki tatu inatazamwa na mtu mmoja, mlango umefungwa.

Jana usiku hukuniruhusu hata niwashe taa kumwonyesha. Ulisema baba, umeahidi. Sikuahidi. Ni nyinyi mlioandika.

Nimegonga. Nimesema, unaonaje? Fimbo nimeisikia ikiegemezwa ukutani. Kwa hiyo ameshika chuma. Halafu nimesikia akikaa. Mtu akikaa kwenye tofali hasikiki, utasema, lakini mimi nimesikia ile pumzi mtu anayoitoa akishafika chini salama.

Maji yamefunguliwa.

Nimegonga tena. Nimesema, Mama Kitinda, kioo kiko sawa? Nimesema, kama kimezidi sema sasa, skrubu bado zinageuka. Kidevu amekuja mpaka mlango wa mbele na ndara zake, anauliza amesemaje. Nimemwambia bado. Amesema atakaa nje, hana haraka. Nimemwambia nani kamwambia akae. Amekaa.

Kitinda, ni dakika arobaini sasa. Mama yako alikuwa anaoga dakika tano. Mimi nilikuwa nawaambia watu, mke wangu ni mwepesi, anaoga dakika tano. Nilikuwa najisifu na hilo.

Sarafu ninayo mfukoni. Ya kufungulia. Nimeitoa nikaitazama, nikairudisha.

Nimesikia kitu. Mwanzo nilidhani analia, nikasimama, kiti kikaanguka. Halii. Anaimba kidogo, si wimbo, ni ile ya kuvuta puani, ya mtu asiyejua kama anasikika. Sikujua kama mama yako anafanya hivyo. Wewe ulijua?

Nimegonga mara ya tatu. Nimesema, mwanamke, unaonaje!

Amesema, "Ngoja."

Hilo tu. Hakukasirika, hakucheka. Ngoja. Nimekiokota kiti. Kidevu kule nje anapaza sauti anauliza amesemaje, amesemaje, nami nimemwambia anyamaze, tumeambiwa tungoje.

Baba yako